Shada la Pareto Lililoshuka Kibua

Juzi motari mmoja alizima pikipiki yake mbele ya mlango wangu hapa Goma, akanikabidhi shada la maua lililofungwa kwa karatasi ya plastiki inayopiga kelele. Wajukuu zangu walikuwa wamelituma kwa siku yangu ya kuzaliwa, siku ambayo mimi mwenyewe huisahau. Nilimshukuru mwana wa watu, nikaingia ndani, nikalifungua na kuanza kulichambua, bua moja baada ya jingine, kama mtu anayechambua maharagwe kabla ya kuyabandika. Mjukuu wangu wa kike alinikuta maua yote yamelala mezani. "Koko, uko natafuta nini?" akaniuliza. Nikamwambia, "Naangalia kama hamukunitukana." Alicheka mpaka akaegemea ukuta. Wewe pia cheka, rafiki yangu, halafu kaa karibu nikueleze, ingawa mimi mwenyewe kukaa ndiyo kazi iliyonishinda tangu utotoni.

Nilizaliwa Masisi, na siku niliyozaliwa ndiyo siku aliyofariki mama yangu. Nakwambia hivyo bila kuzunguka kwa sababu ndivyo nilivyoambiwa nyumbani, bila kuzungushwa. Nililelewa na bibi yetu, ambaye wote tulimwita Koko, kama wajukuu wanavyoniita mimi leo, na dada yangu aliyenitangulia kwa miaka minane. Dada alinibeba mgongoni na yeye mwenyewe akiwa bado wa kubebwa. Watu walikuwa wakisema nina wadudu miguuni. Kanisani nilihama benchi mara tatu kabla ya mahubiri kwisha, na shuleni mwalimu aliniweka karibu na mlango ili nikitoka nisiwakanyage wenzangu. Nadhani nilikuwa naogopa kwamba nikitulia mahali, mtu atanitazama vizuri na kukumbuka nilivyokuja duniani.

Hiyo ilikuwa miaka ya kwanza baada ya uhuru. Mzungu wa plantasio, shamba kubwa lililokuwa juu ya mji, alikuwa amekwisha kuondoka na mke wake, na nyumba yao ilibaki imefungwa madirisha. Koko alikuwa amefanya kazi kwa miaka mingi katika bustani ya yule madamu, akipalilia, akimwagilia, akikata maua ya kupamba meza. Walipoondoka hakuchukua kiti wala sahani kama wengine. Alichukua vipandikizi. Akavipanda nyuma ya nyumba yetu, kati ya migomba na shamba la maharagwe, na baada ya mwaka mmoja tulikuwa na dalia nyekundu kubwa kama kichwa cha mtoto, waridi, na hortensia za buluu ambazo ng'ombe wa jirani walizitazama kwa hamu kupita sisi.

Kisha Koko akaanza kuyatuma. Akisikia mama fulani amejifungua, kesho yake asubuhi na mapema shada limefika. Mwalimu akiugua malaria, shada. Katekista akigombana na mke wake, mashada mawili, kila mmoja lake, ili asiyepata asije akaona amehukumiwa. Mwanzoni watu walimcheka. Kwetu ukimpenda mtu unampelekea maziwa, au maharagwe mapya, au mkungu wa ndizi, na jirani mmoja alimwambia wazi, "Mama, hii maua haiingie mu chungu." Koko hakubishana naye. Aliendelea kutuma, na taratibu mji ukazoea, mpaka ikafika wakati aliyejifungua bila kuletewa shada alikuwa akinuna na kuuliza amekosea nini.

Mwenye kuyapeleka nilikuwa mimi, kwani miguu ilikuwapo. Lakini kabla ya miguu kulikuwa na kazi ya mikono, na Koko alinifundisha yote. Unakata jua likiwa halijatoka au limekwisha kupungua nguvu, na kisu kikali, bua likiwa refu kama mkono wako mpaka kiwiko. Unakata kipande cha shina la mgomba, kile chenye maji mengi, unakitoboa kwa kijiti na kuchomeka kila bua kwenye tundu lake. Halafu unazungushia maganda makavu ya mgomba na kufunga kwa kamba ya mgomba huohuo. Ua lililopandwa namna ile hulewa maji siku mbili, siku tatu, bila kujua kwamba limekatwa. Mpaka leo nikishika shina bichi la mgomba, ule ubaridi wake unanirudisha pale nyuma ya nyumba, umande umenilowesha gauni mpaka magotini, Koko akiniambia nisiyashike maua shingoni.

Dada aliolewa Kibua, huko chini Walikale, na kijana aliyekuja kwetu kununua maharagwe. Nililia siku tatu. Kibua haikuwa mbali kwa lori, siku moja kama barabara haijaharibika, lakini kwangu ilikuwa nchi nyingine: kwetu baridi na nyasi, kwao joto na msitu. Kila Alhamisi asubuhi lori, au kamio kama tulivyoliita, lilipita kwetu limejaa maharagwe, likashuka mpaka huko, na Jumanne likarudi na mafuta ya ngazi, yaani mawese. Shofere wake alikuwa mtu mnene mwenye moyo mwepesi. Ndiye aliyetuletea habari kwamba dada ana mimba.

Kuanzia siku hiyo Koko hakulala vizuri, na alisema hivyo mwenyewe. Mimba ya kwanza ya binti yake, yaani mama yetu, ilipita salama. Ya pili ilimuua, na Koko hakuwapo siku hiyo kwa sababu alikuwa ameenda kuvuna kwa ndugu. Alipofika alinikuta mimi tu. Sasa alitaka jambo moja tu duniani, dada apande Masisi azalie mikononi mwake. Lakini mwanamke aliyeolewa ni wa kwao huko, na mwenye kumruhusu alikuwa mama mkwe, mjane ambaye sifa yake ilitufikia kabla yake: mama wa usafi, wa maneno machache, mgumu kuinama. Mwalimu aliandika barua ya kuomba, kwa heshima zote. Na Koko akasema barua haiwezi kwenda mikono mitupu. Itakwenda na shada ambalo mama yule hajawahi kuliona maishani mwake.

Wiki hiyohiyo mdogo wake Koko aliugua huko Kibabi, ikabidi aende kumtazama. Aliniachia barua na maagizo. "Siku ya tatu, ukitoka ku masomo, unakata maua yote mbele ya mvua. Yote. Unayaweka mu nyumba. Siku ya ine unamupa shofere mukononi, usimupe muntu mwingine." Alinifanya nirudie mara mbili. Nilikuwa na miaka kumi, na nilirudia bila kukosa neno.

Siku ya tatu, yaani Jumatano, nilitoka shuleni na watoto wenzangu walikuwa wakielekea kwenye mteremko wa malisho, kila mmoja na shina lake la mgomba. Kama hukukulia vilimani, hujui raha hiyo. Unakalia shina, unajisukuma, nyasi zilizolowa zinakuchukua mpaka chini, tumbo linabaki juu. Nilisema nitateleza mara moja. Kisha nikasema mara moja tena. Wingu lilipokuwa jeusi juu ya mlima nililiona, sikatai, nikajiambia bado lipo mbali.

Ilikuwa mvua ya mawe. Ilituchapa migongoni tukikimbia, na nilipofika nyumbani sikuingia ndani, nilizunguka moja kwa moja nyuma. Dalia zilikuwa zimelala matopeni zimepasuka. Hortensia zilibaki vijiti. Waridi zote chini. Nilisimama katikati ya yale mawe meupe yanayoyeyuka, na sikulia, kwa kuwa kulia kungenifanya nikae chini.

Alhamisi kulipopambazuka nilikuwa tayari njiani na kisu. Mvua ya mawe ya kwetu huchagua kilima. Inapiga huu, inauacha ule. Kilima cha pili, palipokuwa na shamba la zamani la yule mzungu, pareto ilikuwa imesimama yote, imechanua, nyeupe na moyo wa njano, mpaka inaumiza macho. Wanawake na watoto wa kwetu tuliichuma, ikakaushwa na kusagwa, na kila nyumba ilijua kazi yake: unga wake unamwagwa kitandani kuua kunguni, unapakwa kichwani kuua chawa. Mimi nilijua hayo kama nilivyojua jina langu. Lakini asubuhi ile niliona uzuri tu. Nikajiambia watu wa msituni hawaijui pareto, wataona maua meupe mazuri. Nikakata mpaka mikono ikawasha. Nikachomeka kwenye shina la mgomba, nikafunga, nikaweka barua katikati, nikampa shofere mkononi. Hata yeye aliangalia shada, akaniangalia, akafungua kinywa, halafu lori likapigiwa kelele na wenye mizigo naye akaondoka.

Koko alirudi Jumamosi. Aliona bustani yake, akaweka mikono kiunoni. Kisha akanigeukia na kunishika kichwa. "Akili yako iko muzuri, mutoto wangu. Ulikata mbele ya mvua." Alinipikia mateke, yale majimbi yetu, na maharagwe yaliyotiwa mafuta mengi, chakula nilichokipenda kuliko vyote, nami nikala nikitazama mlango. Kupigwa najua ladha yake. Kusifiwa kwa jambo ambalo hukulifanya kunauma mahali ambapo huwezi kupakuna. Kuanzia hapo mpaka Jumanne nilikwenda barabarani mara nisizoweza kuhesabu, nikasikiliza, nikarudi, nikaenda tena.

Lori liliporudi, dada hakuwamo. Shofere alishuka akija kwetu polepole, jambo ambalo si desturi yake. "Mama," akamwambia Koko, "maua yako ilinipatisha haya. Yule mama alifungua, akaangalia sana, akaita majirani bote. Akasema, mwone, bantu ba Masisi banasema nyumba yangu iko na kunguni. Barua hata hakuisomesha. Anasema mutoto atazalia pale pale."

"Kunguni ya wapi?" Koko akauliza. "Nilituma maua."

"Ulituma piretri, Mama. Kule banaijua. Bachuuzi banaishusha kila soko."

Koko aligeuka akanitazama, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu miguu haikutaka kwenda popote. Nilimweleza yote pale pale, shofere akisikia: mteremko, mvua, kilima cha pili. Nilingoja fimbo. Koko aliingia ndani, akatoka na kanga zake mbili na kuanza kuzikunja. "Siku ya ine tunashuka sisi bawili," akasema. "Utamwambia yule mama na kinywa yako. Dada yako asizae na kasirani mu nyumba."

Tulisafiri juu ya magunia ya maharagwe. Mwanzo tulijifunika kanga moja kwa baridi, kisha vilima vikaanza kutuacha, nyasi zikawa miti, hewa ikawa nzito na ya moto, nikavua sweta. Ningeweza kuifurahia safari ile, nilikuwa sijawahi kutoka Masisi. Badala yake nilikuwa nikipanga maneno. Niliyapanga vizuri kabisa. Koko alisali rozari mkono mmoja, na mkono mwingine alinishika gauni kila nilipoinuka.

Nyumba ya Kibua ilikuwa imefagiliwa mpaka udongo unang'aa. Dada alitoka mlangoni, tumbo mbele, uso umevimba, mikononi amejaa vipele vyekundu vya kukuna. Alitaka kuja mbio, akamwangalia mama mkwe wake, akasimama. Tulipewa viti. Tulipewa maji. Mama mkwe alikuwa mrefu, mwembamba, na alikaa akitazama juu ya vichwa vyetu kama mtu anayengoja mvua ipite. Koko akanisogeza mbele kidogo. "Mama mukwe wa mutoto wangu," akasema, "huyu mutoto iko na neno."

Nikapiga magoti. Maneno yangu yote niliyoyapanga yalikuwapo, nakuapia, niliyaona. Kinywa kikakataa. Kuku aliingia, akazunguka miguu yetu, akatoka. Dada alinitazama. Mimi niliyekuwa sinyamazi hata ndotoni nilibaki nimenyamaza, na Koko alikaa kimya kando yangu, mkono wake umetulia mapajani, akinipa nafasi. Alinipa nafasi ndefu sana.

Kisha akasema yeye. "Ni miye njo nilituma ile maua, Mama. Nilisikia huku chini wadudu iko mingi. Niliogopea mutoto mwenye anakuja. Kama nilikosa, unisamehe."

Ni Koko aliyesema hayo, yule aliyewahi kunipigisha magoti mbele ya msalaba kwa ajili ya uongo wa kiazi kitamu kimoja. Sikuthubutu kumtazama.

Mama mkwe aliinuka, akamshika Koko mkono, akamwingiza chumbani, nami nikawafuata kwa nyuma. Akainua mkeka wa kitanda cha dada. Chini yake, kwenye fito zote, pareto yangu ilikuwa imetandazwa, imekauka na kufikichwa vizuri, mpaka pembeni.

"Nilikasirika juu ilikuwa kweli," akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Nafagia kila siku, naanika mikeka, hawaishi. Walikuwa nakula muke wa mutoto wangu, naye ananyamaza kwa kuniheshimu. Muntu wa mbali njo aliona." Aliushusha mkeka taratibu. "Hawezi tena kupanda mu kamio, siku imekaribia. Lakini wewe ubakie. Tutamupokea sisi bawili."

Koko akalia. Hakujifunika uso, alilia akiwa amesimama, na yule mama mgumu kuinama akamfuta kwa kanga yake mwenyewe.

Mimi nilirudi na lori kwa sababu ya shule. Koko alinisindikiza mpaka barabarani, akanipandisha, akanifunga kanga kifuani kwa ajili ya baridi itakayonikuta juu. Kisha akainama sikioni. "Nilikungojea," akasema. Akarudi nyuma, akaniacha nikimtazama mpaka kona ya barabara.

Wiki mbili baadaye shofere alianza kupiga honi kabla hajafika kwetu. Mtoto wa kike, mzima. Mama yake mzima. Nilikimbia kuizunguka nyumba mpaka majirani wakanishika.

Koko aliporudi alipanda upya kila kitu, na mwaka uliofuata mashada yalianza tena kutoka kwetu kwenda mji mzima. Ila asubuhi za kukata maua hakuniita tena. Nilisikia mlango, nikasikia kisu kikinolewa kwenye jiwe, nikalala macho wazi nikingoja jina langu. Hakuwa na kinyongo, alinipenda mpaka siku yake ya mwisho. Alikuwa tu amejua mimi ni mtu wa namna gani, akapanga kazi zake vilevile. Sasa bustani ile ni malisho, wameizungushia seng'enge na ng'ombe wamelala mahali pa waridi. Nyumba ya mzungu haina paa. Akina mama wa Masisi wanajifungua siku hizi wakiletewa sabuni na sukari, na ukiwaambia zamani waliletewa dalia watakuuliza za kufanyia nini.

Dada alifariki Kibua miaka michache iliyopita. Kwenye matanga, mchana watu wamejaa uwanjani, binti yake yule yule, ambaye sasa ni bibi wa watu, alisimama kuwasimulia jinsi Koko wa Masisi alivyokuwa na akili, jinsi alivyotuma maua ya kuua kunguni ili mtoto azaliwe kitandani pasafi, na jinsi mabibi wawili walivyopatana kwa sababu ya maua hayo. Watu walipiga makofi. Niliinuka. Wote wakanigeukia wakinyamaza, wakijua mimi ndiye wa mwisho aliyekuwapo, nikaona uwanja mzima unaningojea. Nikasema naomba maji. Wakaniletea, nikayanywa, nikakaa.

Mama mkwe alikufa akimshukuru Koko. Dada alikufa akimsifu. Koko alibeba uongo mmoja tu maishani mwake, nao ulikuwa wangu, nikamwachia aende nao kaburini. Wote niliopaswa kuwaambia wameisha, nimebaki na wewe uliyekaa nami mpaka hapa. Ni mimi niliyekata ile pareto.